Waya wa Betri: Historia ya Njia ya Mkato

Ukikaa nusu saa kwenye gereji ya jua kali hapa Eldoret, kuna jaribio moja utaliona. Gari limeletwa, ile taa nyekundu ya betri inawaka kwenye dashibodi. Fundi anamwambia mwenye gari awashe injini. Anafungua boneti, anachukua spana ya kumi, analegeza nati na kuchomoa waya mmoja wa betri huku injini ikinguruma. Ikizima, "altaneta imeenda." Ikiendelea, "altaneta iko sawa, hiyo ni betri." Dakika mbili, kazi imekwisha, hakuna mita iliyoguswa.

Vitabu vya magari ya leo vinakataza jambo hili, na mitandaoni watu hulitaja kama ushahidi kwamba fundi wa kando ya barabara hajui kazi. Mimi chuo niliacha, kwa hivyo sina haraka ya kumcheka mtu asiye na cheti. Swali langu ni jingine. Jaribio hili lilitoka wapi? Haiwezekani maelfu ya mafundi, kutoka Maili Nne hadi Mombasa, walikaa kila mmoja peke yake wakabuni kosa lile lile.

Ukifuatilia, utakuta lilitoka kwenye gari la aina nyingine.

Kabla ya altaneta, magari yalitumia dinamo. Land Rover za miaka ya 1950 zilikuwa nayo, Morris Minor pia. Dinamo ilitoa moja kwa moja umeme ambao betri inaukubali, na kidhibiti chake kilikuwa kisanduku chenye koili na vidole vya chuma vinavyofunguka na kufunga. Kifaa kigumu, cha kuonekana kwa macho. Ukichomoa waya wa betri injini ikizunguka, pengine ungeunguza balbu, lakini hakukuwa na kitu laini cha kufa papo hapo. Jaribio lilikuwa la kibabe, ila kwa mashine ile lilitoa jibu.

Kulikuwa na zoezi lingine pia. Ukishafunga dinamo iliyotoka kutengenezwa, uligusisha waya wenye umeme wa betri kwenye koili yake kwa nukta moja tu, cheche iruke, ili chuma cha ndani kishike sumaku ya upande unaofaa. Hiyo haikuwa njia ya mkato hata kidogo. Ndiyo iliyokuwa njia rasmi.

Halafu mashine ikabadilika. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilileta Valiant ikiwa na altaneta, na ndani ya miaka kumi na kitu watengenezaji wengine wengi wakafuata njia hiyo. Altaneta huzalisha umeme unaogeuka mwelekeo mara kwa mara, kisha daiodi, kwa kawaida sita, huunyoosha kabla haujafika kwenye betri. Faida yake ni kubwa: inachaji hata injini ikiwa imetulia, jambo ambalo dinamo ililiweza kwa shida. Matatu iliyokwama kwenye foleni ya mjini ingekuwa na hali ngumu bila altaneta.

Lakini daiodi ni laini. Betri kwa altaneta ni kama bwawa kwa mto: inameza mawimbi. Ukiiondoa ghafla, volti zinaruka kupita kiasi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Muda huo unatosha kuua daiodi, kidhibiti, na kwenye gari la sasa, kompyuta ya injini. Ile cheche ya zamani nayo, ukiijaribu kwenye altaneta, unaweza kuizika siku uliyoinunua.

Sasa, kwa nini mashine ilibadilika na mkono haukubadilika? Hapo lazima turudi kwenye mji wenyewe. Eldoret ilikua kutokana na walowezi, wakiwemo Makaburu waliofika uwanda huu mwaka 1908 na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Reli ilifika mwaka 1924. Mashamba ya ngano na mahindi yakataka matrekta na malori, na mitambo ikataka mafundi. Katika gereji za kikoloni ngazi ilijulikana: Mzungu mwenye mali, fundi Mhindi, na chini kabisa kijana Mwafrika wa kupokeza spana. Kitabu cha mtengenezaji kilikuwa cha Kiingereza, na hakikuandikwa kwa ajili ya yule kijana. Alisoma kwa macho. Aliona mkono unafanya nini, lakini sababu mara nyingi hakuambiwa. Baada ya uhuru akafungua gereji yake chini ya mti, naye akafundisha vivyo hivyo: tazama, kisha fanya.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyosema wazi kwamba hawa watu wa kando ya barabara ni uchumi kamili, si wazururaji. Mwaka 1985 Rais Moi alitembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, akaahidi vibanda vya kuwakinga na jua. Vibanda vya Nyayo vikajengwa katika miji mbalimbali, na jina "jua kali" likaingia kwenye sera za serikali. Lakini paa lilifika mapema kuliko kitabu. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, magari ya mtumba kutoka Japani yakamiminika, na maandishi chini ya boneti yalikuwa ya Kijapani. Fundi aliyefunzwa na mtu wa dinamo akajikuta anashika gari lenye kompyuta.

Hata hizo tunazoziita njia sahihi zina umri wao. Leo kila mtu anasema: fungua waya wa hasi kwanza. Lakini magari mengi ya Uingereza, hadi miaka ya 1960, yalifunga chanya kwenye bodi. Kwa hivyo kanuni halisi ni kufungua kwanza ule waya ulioshikana na bodi, kwa sababu baada ya hapo spana ikigusa chuma hakuna mzunguko wa kuleta cheche. Anayejua sababu anaweza kufungua gari lolote. Mwenye kukariri atakwama siku atakayoletewa Land Rover ya babu.

Na si kila njia ya mkato ni mbaya. Muuza spea atakwambia nunua altaneta nzima. Fundi wa waya ataifungua, abadilishe makaa yaliyolika, bearingi au kidhibiti, na gari liondoke. Ulaya na Marekani kuna viwanda vinavyoishi kwa kazi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba wao wanapima kabla ya kufunga.

Basi kama unataka kubadilisha altaneta mwenyewe nyumbani, pale Langas au Kapsoya, fanya hivi. Kwanza pima. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, injini ikiwaka, magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.5. Magari mengine ya karibuni hushusha chaji kwa makusudi, kwa hivyo washa taa na feni ndipo upime tena. Kagua mkanda, fyuzi na vichwa vya betri. Mara nyingi ugonjwa uko hapo. Zima injini, fungua hasi, maana ule waya mnene wa altaneta una umeme hata gari likiwa limezimwa. Piga picha njia ya mkanda. Linganisha mpya na ya zamani: puli, matundu ya boliti, plagi, ampea. Funga, hakikisha mkanda umenyooka na umekazwa, rudisha hasi mwisho, kisha pima tena. Mita ya bei nafuu inafanya kazi ambayo waya wa betri ulikuwa ukifanyishwa kwa nguvu.

Kompyuta ikiungua, si historia itakayolipa. Atalipa kijana wa gereji, pengine kwa mapato ya miezi, na jina lake litaharibika mtaa mzima kwa jambo alilofundishwa kwa nia njema. Siku hizi anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA bila kupita chuoni, na hilo ni jema. Ila cheti kitathibitisha tu kwamba mkono unaweza. Kilichokatika tangu enzi za kupokeza spana ni ile sababu, na haihitaji serikali wala paa kuirudisha. Inahitaji mkubwa mmoja wa gereji, kabla ya kumwonyesha mwanagenzi mkono unavyokwenda, amweleze kwa nini unakwenda hivyo.