Mji Ambamo Kwaya Yetu Imekulia

Hoteli za kwanza za Wazungu zilifunguliwa ufuoni Malindi miaka ya 1930. Oktoba 1940, wakati wa vita, ndege za Italia ziliudondoshea mji mabomu. Ajabu ni kwamba Waitalia walirudi, safari hii kwa amani. Miaka ya 1960 walisimika jukwaa la kurushia setilaiti baharini, Ngomeni, na tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, setilaiti iliyoitwa Uhuru ikapaa kutoka hapo. Watalii wao wakafuata. Vijana wetu wakajifunza Kiitaliano ufuoni bila darasa.

Waimbaji wetu wengi ni wapishi na wahudumu, ndiyo maana mazoezi huanza saa tatu usiku. Masika hoteli zikifungwa, wengine hurudi makwao kutafuta riziki. Mei iliyopita besi walibaki wawili.