Nyumba Kumi na Tano na Deni la Zubayr

Ndugu msomaji, huenda wewe ni katika waliojinyima miaka mingi, wakaweka senti juu ya senti ili wanunue nyumba na waepukane na kodi ya kila mwezi. Nia hiyo ni njema. Lakini huenda pia liko deni la zamani: la duka, la mahari yasiyomalizwa, au lile ambalo mdai amechoka kubisha hodi akalipeleka kwa wakili. Fedha ulizoweka ziende wapi kwanza? Kabla hujajibu, tuyaangalie mambo ya Sayyidna Zubayr bin Al-Awwam (R.A.), mtoto wa Bibi Safiya, shangazi yake Mtume (S.A.W.).

Mwaka 36 wa Hijra, yaani 656 wa Miladi, siku ya Vita vya Ngamia huko Basra, Zubayr alimwita mwanawe Abdalla. Alihisi kuwa atauawa siku ile, na kilichomtia hamu zaidi kilikuwa deni lake. Akamwamuru auze mali alipe, na akishindwa amwombe msaada Bwana wake. Abdalla hakufahamu, akamwuliza bwana huyo ni nani. Zubayr akamjibu kuwa ni Mwenyezi Mungu.

Mtu huyu alikufa bila ya dinari wala dirhamu, lakini aliacha ardhi, nyumba 11 Madina, 2 Basra, 1 Kufa na 1 Misri. Abdalla alipolihesabu deni, lilifika 2,200,000!

Utaniambia: mbona basi yeye alikuwa na nyumba hali anadaiwa? Sikiliza deni lenyewe lilivyokuwa. Watu walimletea fedha awawekee amana, naye akikataa, akisema ziwe mkopo, kwa kuogopa zisije zikapotea. Amana ikipotea pasipo uzembe, aliyewekewa halipi. Mkopo hulipwa kwa hali yoyote. Basi alijitwisha mzigo ili mali ya watu isalimike. Deni letu sisi, ambalo muda wake umepita na mdai anazungushwa, si la namna hiyo. Mwenye uwezo kuchelewesha malipo, Mtume (S.A.W.) ameiita dhuluma.

Hakim bin Hizam alimwuliza Abdalla deni ni kiasi gani. Abdalla akaficha, akasema 100,000. (Nani katika sisi hajapata kupunguza hesabu akiulizwa?) Hakim akaona hata hizo mali yao haitazitosha. Hapo Abdalla akamtajia ukweli wote, na Hakim akamwambia akishindwa amwendee amsaidie.

Ardhi ya Ghaba, karibu na Madina, Zubayr aliinunua kwa 170,000. Abdalla aliikata mafungu, ikaleta 1,600,000. Akawatangazia wadai wakutane naye pale pale Ghaba. Akaja Abdalla bin Jaafar, aliyekuwa akidai 400,000, akasema akitakiwa atasamehe. Mwana wa Zubayr akakataa. Akasema basi awekwe nyuma ya wadai wote. Akakataa tena. Mwishowe mdai akaomba akatiwe kipande cha ardhi, akaonyeshwa mipaka yake: kutoka hapa mpaka pale.

Deni likesha. Ndugu zake wakamwendea wakitaka mirathi yao wagawiwe, na haki ilikuwa yao. Sisi kwetu pwani tunajua mambo haya: maiti hajamaliza arubaini na vyumba vimekwisha hesabiwa, huku muuza duka anaona haya kutaja daftari lake mbele ya wafiwa. Nayo Qur'ani, katika Suratun Nisaa, imeweka mirathi baada ya wasia na deni. Nyumba unayotaka kumwachia mwanao, mdai wako atatangulia mlangoni.

Abdalla aliapa kuwa hatagawa mpaka atangaze katika msimu wa Hija, miaka minne, kwamba anayemdai Zubayr aje alipwe. Kwa nini Hija? Kwa sababu huko ndiko watu wa Misri, Iraki, Shamu na Yemeni walikokutana, na baba yake alikuwa na nyumba katika miji ya mbali. Kila mwaka akatangaza. Ilipotimia minne akagawa, na wake wanne wa Zubayr wakapata kila mmoja 1,200,000.