Maambukizi Vamizi ya Fangasi: Kivumishi Kikae Wapi?

Mzazi akisikia "fangasi" hufikiria mapunye kichwani mwa mtoto, au utando mweupe mdomoni. Hayo ni maradhi ya juujuu. Madaktari wanapotaja maambukizi vamizi ya fangasi wanasema jambo jingine: fangasi wamefika kwenye damu, ini, ubongo au ndani kabisa ya mapafu.

"Vamizi" tumelizoea katika habari za mazingira, kwamba gugumaji la Ziwa Victoria ni spishi vamizi. Ndiyo maana ulimi huteleza upesi kuelekea "maambukizi ya fangasi vamizi". Mimi nalikataa umbo hilo. Gugumaji huvamia kwa tabia yake, ilhali kandida, aina ya fangasi, huishi kinywani na tumboni mwa watu wengi wenye afya wala haiwadhuru. Kandida hiyohiyo, Candida albicans, Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2022 katika kundi la hatari kubwa zaidi kwenye orodha yake ya kwanza ya fangasi. Uvamizi basi ni tukio, na tukio hilo hutegemea hali ya mgonjwa. Mtoto mwenye saratani ya damu anapopewa kemotherapi, chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili huweza kushuka chini ya 500 katika kila mikrolita ya damu. Dawa zilezile huchubua utando wa utumbo, na kandida ikapenya hapo. Njia nyingine ni mrija uliowekwa kwenye mshipa mkubwa. Watoto njiti nao wamo hatarini.

Mara nyingi istilahi hii huongezewa maneno yanayoeleza kinga ya mgonjwa, na sehemu hiyo ya pili ina mtego wake. "Upungufu wa kinga" tayari umo ndani ya neno UKIMWI, na mama wa mtoto mwenye saratani akiusikia wodini atashtuka bure. "Kinga iliyodhoofika" inatosha, na inawachukua wote, wenye VVU wakiwamo.

Tofauti ya juujuu na vamizi huonekana hata kwenye dawa. Matone ya nistatini husafisha mdomo, lakini ni kama hayanyonywi kabisa kutoka utumboni kuingia kwenye damu. Homa ikigoma kushuka licha ya antibiotiki, daktari akashuku fangasi, huenda akahitaji dawa ya mshipani kama amfoterisini B, huku figo za mtoto zikipimwa mara kwa mara.