Saa 6,000 Mawinguni

Nilipokuwa shule ya msingi, mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha PlayStation 2. Tulilipa kwa mechi, na aliyefungwa alimwachia mwenzake pedi. Mimi na rafiki yangu tulikuwa na ligi yetu humo, misimu mitatu ya kununua na kuuza wachezaji, yote imehifadhiwa kwenye memori kadi ya mwenye kibanda. Siku moja tulirudi kutoka likizo tukakuta kufuli. Mwenyewe alikuwa amehama, na kadi ameondoka nayo. Hatukuwa na la kudai. Mashine ilikuwa yake, na kadi yake.

Nililikumbuka kufuli lile tarehe 29 Septemba 2022, Google ilipotangaza kwamba inaifunga Stadia.

Kwa hesabu za karatasi, hakuna aliyestahili kushinda kuliko Google. Mei 2019 ilitangaza kwamba vifaa bilioni 2.5 vilikuwa vikitumia Android. Ilikuwa na duka la programu, YouTube ambako watu hutazama wenzao wakicheza, na seva sehemu nyingi za dunia. Tena haikuwa mara yake ya kwanza kubisha hodi sebuleni. Mwaka 2014, pamoja na Asus, ilitoa Nexus Player, kisanduku cha dola 99 cha kuunganisha na TV, pedi ikiuzwa kando. Kabla ya miaka miwili kutimia kilikuwa kimeondolewa sokoni.

Stadia ilikuja na wazo kubwa zaidi: konsoli isiyo na konsoli. Gemu ilichezwa kwenye seva za Google, nawe ukaletewa picha kwa intaneti, kwenye TV, kompyuta au simu. Ilizinduliwa kwa wateja tarehe 19 Novemba 2019 katika nchi 14 za Ulaya na Amerika Kaskazini. Afrika haikufika kamwe. Miezi minane kabla, ilipotambulishwa San Francisco, Google ilipanga kwenye maonyesho yake vitu vya historia ya gemu: Dreamcast ya Sega, Power Glove, na gemu ya E.T. ya Atari. Wajuzi walicheka. Dreamcast ndiyo konsoli ya mwisho ya Sega, na nakala za E.T. zilifukiwa jalalani New Mexico mwaka 1983. Google ilikuwa imejipanga mwenyewe kwenye foleni ya marehemu.

Wengi husema Stadia iliuawa na intaneti. Sikubaliani nao sana, kwani kwa wenye laini nzuri ilicheza vizuri. Naona iliponzwa na mazoea ya simu. Kwenye simu, gemu nyingi hupakuliwa bure, ukichoka unafuta, na kampuni inachukua fungu lake kwa kila mauzo. Hakuna aliyeahidi kitu. Konsoli ni kama ndoa. Mnunuzi anatoa fedha nyingi siku ya kwanza akiamini kwamba miaka mitano baadaye gemu zitakuwa bado zinakuja. Stadia ilitaka imani hiyohiyo, kwani gemu nyingi ulizinunua mojamoja, ilhali hukubaki na diski wala faili mkononi. Na Google ilikuwa tayari inajulikana kwa kufunga huduma zake. Watu wakasubiri kuona kama itadumu, na kwa kusubiri kwao ikakosa wateja wa kuifanya idumu. Februari 2021 ilifunga studio zake za kutengeneza gemu, kabla hazijatoa gemu kubwa hata moja. Baada ya hapo, nani angenunua?

Microsoft nayo ilikuwa jitu la programu lilipoingia na Xbox mwaka 2001. Ilipata hasara. Kisha Xbox 360 zikawa zinaharibika kwa wingi, na Julai 2007 kampuni ikatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya kuzitengeneza. Google haikuwa na upungufu wa fedha kama hizo. Tofauti ni kwamba Microsoft ilibaki.

Kwa haki, Google ilirudisha fedha za pedi na gemu zilizonunuliwa kwenye maduka yake. Lakini mchezaji mmoja alikuwa ametumia karibu saa 6,000 ndani ya Red Dead Redemption 2 kwenye Stadia, akawa anaomba hadharani asaidiwe kuhamisha mhusika wake. Saa hizo hazina risiti.

Siku chache kabla ya kuzima, Stadia ilitoa gemu yake ya mwisho: mnyoo unaokula na kurefuka, kijigemu ambacho wahandisi walikitumia kufanyia majaribio kabla ya uzinduzi. Ni ndugu wa nyoka wa Nokia, yule tuliyemcheza kwenye simu za wazazi wetu. Tarehe 18 Januari 2023 seva zikazimwa.

Sisi, baada ya lile kufuli, tulichanga hela tukanunua memori kadi yetu. Kuanzia hapo tulicheza tu kwenye vibanda vilivyoturuhusu kuichomeka, na jioni tuliondoka nayo mfukoni, zamu kwa zamu. Stadia haikuwa na tundu la kuichomeka.