Kilwa Masoko

Kilwa Masoko ni mji wa pwani ya kusini mwa Tanzania na makao makuu ya Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi. Uko takriban kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Msafiri huacha barabara kuu ya Lindi pale Nangurukuru.

Mji huu ndio kituo cha wanaozuru magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Kibali hupatikana mjini kabla ya kupanda mashua. Siku moja hutosha Kisiwani: ngome ya Gereza, kasri la Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu, ambao kuba zake za mawe ya matumbawe na chokaa zingali zimesimama. Msafiri Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331. Songo Mnara iko mbali zaidi, hivyo huhitaji siku yake. Siku ya tatu yafaa kwa Kilwa Kivinje, mji wa biashara ya misafara wa karne ya 19, au kupumzika katika ufuo wa Jimbiza.

Miezi ya Juni hadi Oktoba ni mikavu. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei.