Matuta ya Uluguru na Haki ya Kusikilizwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi katika milima ya Uluguru. Waluguru waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi ili udongo usimomonyoke, na aliyekaidi aliadhibiwa. Kusudi lilikuwa jema, lakini njia ilikuwa amri. Kazi ilikuwa nzito. Mahali pengi matuta yalifukua udongo usio na rutuba. Tena watu walihofia kunyang'anywa ardhi ya koo, wanayoirithi kwa upande wa mama. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa.

Hata hivyo, hifadhi ingali inatupasa, kwani maji ya Mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam yatoka milima hiyo. Tumaini letu li katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliyoupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika mipango ya ardhi, ikatambua haki ya mwanamke kuwa sawa na ya mwanamume. Basi na tuitumie sauti hiyo: mkulima aulizwe kwanza, ndipo jembe liinuliwe.