Alishinda Mara Tatu Ndiyo Apewe Kiti Chake

Wasee, mnamjua Julian Bond? Mwaka 1965, akiwa na miaka 25 tu, watu wa Atlanta walimchagua kuingia bunge la jimbo la Georgia. Si lile la Washington, hili ni la jimbo lenyewe. Januari 1966 akaenda kuapishwa, wabunge wakamkataa kwa kura 184 dhidi ya 12. Kosa lake? Aliunga mkono taarifa ya SNCC, kundi la vijana waliopigania haki za weusi, iliyopinga vita vya Vietnam.

Uchaguzi mdogo ukaitishwa. Akashinda, wakamkataa tena! Novemba akashinda tena. Ilibidi Mahakama ya Juu ya Marekani iingilie Desemba hiyo, majaji wote 9 wakisema mbunge ana haki ya kuikosoa serikali kama raia yeyote.

Mimi kinachoniuma ni wale wapiga kura. Mwaka mzima kiti chao kilikuwa tupu, na walikuwa wamepiga kura vizuri tu.

Akaapishwa Januari 1967, akatumikia miaka 20, kwanza bungeni halafu seneti ya jimbo. 1986 akajaribu Kongresi, akabwagwa na John Lewis, rafiki yake wa tangu SNCC. Hiyo nayo lazima iliuma.